Posa ya Kirewa na Taa ya Breki Iliyogoma

Haya, nimerudi. Tangu nishuke garini jana hapa mtaani kwetu Kisumu hamjaniacha hata ninawe miguu. Mama Rukia ameuliza, Bi Tatu ameuliza kutoka upande wa pili wa ua, na Mama Atieno muuza samaki ameuliza karai likiwa kichwani: "Mmepewa mke, hamkupewa?" Koo langu limejaa vumbi, sauti inatoka kama ya jogoo mgonjwa, kwa hiyo naandika, na Rukia atawasomea. Jibu mtalipata. Lakini mimi nimeila njia yote na mashimo yake, na nyinyi mtaila hivyo hivyo. Asiyeweza kungoja na aende akamuulize mshenga wetu, Mzee Salimu, atapewa uongo wa moto moto.

Kisumu: gari lavikwa rangi

Idi ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi tangu hajaota meno, na kazi yake ni kupaka rangi: vibao vya maduka, milango, makasha ya maharusi. Mwaka jana kwenye harusi ya kina Bi Tatu alimwona msichana wa Tororo, Mariamu, aliyekuja na shangazi yake. Tangu siku hiyo chakula changu kikawa kinarudi jikoni. Nikimuuliza una nini, anasema ameshiba. Ameshiba nini, hewa?

Basi tukapeleleza. Baba wa Mariamu ni Mzee Rajabu, Mnubi wa Tororo, mwenye malori ya kubeba pamba na simiti. Wazee wengine wakiletewa posa huuliza ukoo, huuliza swala. Mzee Rajabu huuliza breki. Msicheke, ana sababu. Mwanawe wa kwanza, Hamisi, alikuwa akiendesha lori nyuma ya gari la mtu. Gari lile likasimama ghafla darajani, taa yake ya nyuma imekufa, ishara hakuna. Hamisi akalikwepa, akaingia mtoni na lori lake, na hakutoka. Tangu hapo Mzee Rajabu hapandi gari ambalo usukani haushiki yeye. Na kila anayemposa binti yake lazima aje na gari lake mwenyewe, kisha aendeshe kutoka Tororo mpaka Kirewa, kwa bibi mzaa mama wa Mariamu, Mzee Rajabu akimfuata nyuma na lori, macho kwenye taa. Jibu la posa hutolewa huko Kirewa. Wawili walishafuatwa kabla yetu, na wote wawili walirudi kwao bila kuonja hata uji.

Idi aliposikia hivyo alinunua kale kagari ka Kiingereza mlikokaona, kalikokuwa kuku wanatagia ndani. Injini ilikuwa nzima, mwili ndio ulikuwa kama mkaa. Akakafungua kote: taa, vioo, vishikio, skrubu moja moja. Akakapaka samawati, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka mahali ambapo jicho la mtu halifiki. Nilimkuta amelala chini ya gari akipaka nyuma ya taa. Nikamwambia, baba, huko nani atakuona? Akasema, "Mungu ataniona, Shangazi. Na nikimkosa Mariamu, usinitafutie mwingine." Nikamsogezea kopo la rangi, maana nilijua hatanii.

Mshenga tukamchukua Mzee Salimu wa msikitini. Mzee Salimu alikuwa vitani Bama, vita vya Mwingereza na Mjapani. Alikuwa mpishi huko, lakini ukimsikiliza utadhani jeshi zima aliliendesha yeye. Sasa, gari hili lina vijikono viwili, kimoja kila ubavu, vimelala ndani ya nguzo ya mlango. Dereva akitaka kukata kulia anabonyeza kidude, kijikono cha kulia kinainuka na kataa kake ndani, ili walio nyuma wajue. Vijikono vilikuwa vinalialia. Mzee Salimu akasema, "Kule Bama dawa yake ni mafuta." Akaingia jikoni kwangu bila hodi, akachota samli yangu ya safari, akavipaka mpaka vikang'aa.

Alhamisi asubuhi tukapakia. Sufuria kubwa ya pilau ikaingia kwenye buti, ikasukumwa mpaka mwisho isije ikamwagika. Mama Rukia, wewe mwenyewe ulisimama nyuma ya gari, Idi akakanyaga breki, ukapiga kelele, "Inawaka!" Mtaa mzima ukasema mashallah. Kumbukeni hilo, sikusema mimi.

Yala mpaka Bumala: mkono uliokataa kulala

Mpaka Yala tulikwenda kama maharusi. Pale Yala Idi akataka kukata kulia tukanunue ndizi, akabonyeza, kijikono cha kulia kikainuka vizuri. Tukanunua ndizi. Tukaendelea. Kijikono hakikulala.

Idi akabonyeza tena na tena, wapi! Samli na vumbi jekundu vilikuwa vimekutana mle ndani vikawa ugali. Mzee Salimu akapiga nguzo ngumi kutoka ndani, akaipiga kiganja, akaisomea na aya. Kilichotokea ni kwamba kile cha kushoto nacho kikagoma, hakitoki kabisa. Kwa hiyo tukasafiri Yala, Ugunja, Bumala, njia nzima tukiwaambia walimwengu kwamba tunakata kulia. Wenye baiskeli walikuwa wanashuka na kutungojea tukate. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe alisimamisha ng'ombe wake, akatungoja, sisi tukampita moja kwa moja, akatutukana kwa Kiluo. Mimi nakisikia Kiluo. Sitaandika alichosema.

Kupita Bumala rejeta ikaanza kutoa moshi. Idi akasimama kando, upande wa kushoto, injini ipoe. Ng'ambo ya barabara, upande wa kulia, palikuwa na boma la watu, nyumba safi, ua umefagiwa. Na kijikono chetu, mnaona tena, kimenyooka kuelekea mlangoni kwa watu.

Hatujakaa, mwanamume mmoja akaja mbio akivaa shati njiani. "Karibuni! Karibuni sana! Mimi Wandera. Nimewaona mkionyesha kwangu!"

Idi akaanza kueleza: "Hapana, Mzee, huu mkono umekwama tu, sisi..."

"Watu wa gari hawajawahi kuja kwangu," Wandera akasema, na uso wake ulikuwa unawaka kwa furaha. "Mama! Wageni ni wa kwetu! Kamata yule mwekundu!"

Tukasikia jogoo akilia nyuma ya nyumba, kisha hatukumsikia tena. Idi akaninong'oneza, "Shangazi, tutachelewa." Nikamwambia, baba, jogoo ameshakufa kwa ajili yako, utamwambia nini, afufuke? Tukaingia. Bahati nzuri Mzee Salimu alikuwa ameshakimbilia nyuma akamchinja mwenyewe, ikawa halali, na hiyo ndiyo kazi ya maana aliyoifanya siku ile.

Tukala ugali wa wimbi, jogoo, na mboga za mrenda. Mke wa Wandera alikaa kitako akiniangalia nikimeza, nikiacha kidogo anaongeza. Sasa Mzee Salimu, tumbo lilipojaa, mdomo ukafunguka. Wandera akamuuliza kwa adabu, "Mmetuletea habari gani, wa kwetu?" Mzee Salimu akajibu kwa sauti ya mshenga, "Mzee, kijana huyu tumemtoa Kisumu, na safari yetu ni ya posa."

Haki ya Mungu, nilitamani nimtie ugali mdomoni. Mke wa Wandera akapiga vigelegele. Jirani akajibu. Wandera akaita ndani, na binti akatoka na maji ya kunawa, macho chini, msichana mzuri, hana kosa. Idi akapaliwa na mfupa. Nikampiga mgongoni kuliko alivyostahili.

Ilibidi mimi niseme. Nikamshika mke wa Wandera mkono, nikamweleza: mama, posa ipo ila ni ya Tororo, mkono wa gari ni mbovu, na mshenga wetu naye ni mbovu kuliko gari. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wandera hakucheka. Alikuwa ameumia, mtu yeyote angeona. Tumemlia jogoo, tumemwitisha binti, halafu tunamwambia tulikuwa tunapita tu. Mimi sikulelewa hivyo. Nikaenda kwenye buti, nikaitoa sufuria ya pilau, nzima na kifuniko chake, nikaiweka mbele yake. Nikamwambia, hiki ndicho tulichopika kwa heshima ya wakwe, na heshima ya leo ni yako, sufuria nitaichukua nikirudi. Hapo ndipo alipotabasamu, na akatusukuma mpaka gari likawaka.

Busia: ng'ombe wangu wewe!

Busia siku ile ilikuwa siku ya soko. Upande wa Kenya na upande wa Uganda walikuwa wamechanganyika, huyu ana samaki, yule ana ndizi za matoke, askari mwenye kaptula anapiga filimbi na hakuna anayemsikiliza. Mbuzi akaingia barabarani. Idi akakanyaga breki.

Nyuma yetu nikasikia matairi yakilia na honi ndefu. Nikageuka. Lori la pamba lilikuwa limesimama, na bampa lake ningeweza kulisalimia kwa mkono. Dereva akaruka chini, mtu wa upande wa Uganda, mnene, jasho linamtoka. "Wewe, ng'ombe wangu wewe! Gari yako nasimama hapana sema? Taa ya breki iko wapi? Nataka ua mama huyu?"

"Taa inawaka," Idi akasema.

"Nawaka wapi? Kwa baba yako? Kanyaga nione!"

Idi akakanyaga. Sisi wote tukaenda nyuma kuangalia. Giza. Akakanyaga tena. Giza totoro, na mchana kweupe. Yule dereva alimwangalia Idi, akaona uso ulivyobadilika, hasira ikamwisha papo hapo. Akasema polepole, "Tengeneza, ndugu yangu. Hii kitu naua watu." Akapanda lori lake akaondoka.

Idi alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake mpya. Nilijua anafikiri nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiri hilo hilo. Kesho saa kama hizi Mzee Rajabu atakuwa nyuma yetu na lori, na sisi tuna taa iliyokufa kama ile iliyomuua mwanawe. Huyo mtu hatatukataa tu, atatulaani.

Palikuwa na fundi wa baiskeli, Ouma, amekaa mbele ya duka la Mhindi. Akaichomoa balbu, akaigusisha kwenye betri kwa waya, ikawaka. Balbu nzima. Idi akapiga honi, ikalia. Betri nzima. Ouma akaufuata waya kutoka kwenye pedali ya breki mpaka nyuma, inchi kwa inchi, hakuona pa kukatika. Tukairudisha balbu mahali pake, kanyaga, kimya. Ouma akakuna kichwa. "Kila kitu kizima," akasema, "lakini vikikaa pamoja havisemezani. Mimi najua baiskeli, mama. Baiskeli haina mambo haya."

Mzee Salimu alikuwa na maelezo yake. "Asubuhi taa iliwaka. Pilau ikatoka, taa ikazima. Baraka imebaki kwa Wandera."

Nilimjibu maneno ambayo Rukia hatayasoma mbele ya watoto. Na nyinyi mtaona baadaye kwa nini bado yananisuta kidogo.

Busia mpaka Tororo: kanga nyekundu

Kulala Busia hatukuweza, maana Ijumaa ilikuwa ndiyo siku yetu. Kwa hiyo nikafanya shauri. Nikakaa kiti cha nyuma nikipiga magoti, uso nyuma, nikafungua dirisha la ubavuni. Idi kila akitaka kukanyaga breki anaita, "Nakanyaga, Shangazi!" na mimi natoa kanga yangu nyekundu nje naipepea. Akitaka kukata kushoto, Mzee Salimu anatoa mkono wake. Hivyo ndivyo taa ya breki ya gari letu ilivyokuwa mimi, mtu mzima na magoti yangu haya.

Sasa fikirini watu wa njiani wanaona nini. Gari linang'aa samawati, mwanamke anapepea kanga nyekundu dirishani, mzee anapunga mkono. Wakajua ni harusi. Wanawake waliokuwa wanapalilia wakasimama wakapiga vigelegele. Watoto wakakimbia nyuma yetu wakiimba. Kwenye kituo kimoja mama mmoja akanitupia mkungu wa ndizi mbivu kupitia dirishani, ukanigonga kifuani, akasema kwa Kiswahili chao, "Chukua, mama wa bwana harusi! Mimi nafurahi!" Idi hakumpungia mkono hata mmoja wao. Mara moja tu nilimsikia akisema peke yake, "Wanatupongeza, na hatujapewa."

Jiwe la Tororo lilijitokeza mbele yetu tukiwa bado mbali, na kiwanda kipya cha simiti kinapumua vumbi jeupe. Nikavuta pumzi, maana magoti yangu yalikuwa hayana hisia tena. Tulifikia kwa rafiki yangu Bi Halima, karibu na stesheni. Akanitazama, nusu nyekundu kwa vumbi la Busia, nusu nyeupe kwa simiti. "Zainabu, umezeeka rangi mbili?" akasema. Akatupa kalo, ule ugali wao wa wimbi unaovutika, na mchuzi wa simsim. Mimi na Mzee Salimu tulikula. Sahani ya Idi ilirudi jikoni.

Tororo: debe la asali

Asubuhi Idi alikuwa ameshavisafisha vijikono kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku. Samli yote ilitoka, nyeusi, na Mzee Salimu akaangalia upande mwingine. Kulia kikainuka kikalala. Kushoto kikainuka kikalala. Lakini taa ya breki, la. Idi alikaa kwenye usukani akikanyaga tu, kanyaga, achia, kanyaga, kama mtu anayemwamsha maiti.

Bi Halima alikuwa amenipa debe la asali tuwapelekee wakwe. Nikafungua buti, nikalisukuma ndani mpaka mwisho lisije likaanguka. Mzee Salimu, aliyesimama nyuma, akapiga ukelele: "Ile! Imewaka!"

Nikashtuka, nikalivuta debe. "Imezima!"

Nikalisukuma. "Imewaka!"

Idi akatoka garini mbio. "Shangazi, umefanya nini?"

"Nimeweka asali! Mimi nimefanya nini?"

Idi akarudi kukanyaga, tukarudia. Debe ndani, taa inawaka. Debe nje, inazima. Bi Halima akarudi nyuma hatua chache akaanza kusoma dua. Hapo ndipo kitu kikanijia. Jana asubuhi taa iliwaka, na mahali pale pale palikuwa na sufuria yangu. Nikasema, "Idi, hii taa haitaki baraka. Inataka bati."

Akainama ndani ya buti. Ubavu wa debe ulikuwa umegusa skrubu ya taa inayotokeza kwa ndani, na kitako chake kimekaa pale ambapo jeki ilikuwa imekwangua rangi na chuma kinaonekana. Akapitisha kidole kwenye skrubu, akakipitisha kwenye rangi. Kisha nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyejikuta mjinga.

"Ni mimi," akasema. "Umeme huingia kwa waya, lakini kurudi hurudi kwa mwili wa gari. Mimi nimeupaka mwili rangi mpaka nyuma ya taa. Mikono mitatu! Nimeuzibia njia ya kurudi nyumbani."

Yaani mapenzi yake ndiyo yaliyoizima taa. Angekuwa mpaka rangi mvivu, tungefika Tororo salama. Akaifungua taa, akachukua kisu cha Bi Halima, na akaanza kuikwangua rangi ile aliyoilalia chali wiki nzima. Kila akikwangua anafumba jicho moja. Alipomaliza chuma kilikuwa cheupe. Akafunga taa, akanipokonya debe, akaliweka mbali. Kanyaga. Ikawaka, nyekundu, nzuri, bila asali.

Mzee Salimu akasema, "Si nilisema ni pilau?" Nikammenyea ndizi kwa mkono wangu mwenyewe, mjue nimeshindwa.

Kwa Mzee Rajabu

Baada ya swala ya Ijumaa tukaenda. Ua wa Mzee Rajabu ulikuwa na malori mawili na mti mmoja wa limau. Mwenyewe ni mtu mrefu, mkavu, kanzu safi, hana maneno. Alitusalimia vizuri, akatupa chai, kisha akasimama akatoka kwenda kulitazama gari. Alilizunguka. Hakuipa rangi hata jicho moja. Masikini Idi!

"Wewe ndiye fundi rangi," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

Mzee Salimu akapanua kifua. "Mzee Rajabu, gari hili tangu litoke Kisumu halijapata hata..."

"Mzee Salimu, subiri," Idi akasema. Nikajua anataka kusema nini, nikamfinya mkono. Alikuwa ameshavuka salama, taa inawaka, nani angejua? Nikamfinya kwa kucha. Hakunitazama.

"Mzee, taa hii jana ilikuwa imekufa. Kosa ni langu, niliipaka rangi mahali pasipopakwa. Nimeitengeneza leo asubuhi na imewaka, lakini haijakaa hata siku moja, na barabara ni mbovu. Naomba usinifuate karibu. Si kwa ajili yangu. Wewe uko nyuma yangu."

Nilisikia kijiko cha mtu kikigonga kikombe ndani. Mzee Rajabu alimtazama Idi, na mimi nikasema moyoni, basi, Zainabu, rudisha asali yako.

"Nitakufuata vile nafuata wengine, fundi rangi," akasema, akapanda lori lake. Mwanawe mdogo, Abasi, mwanamume wa rika la Idi, akapanda pembeni yake.

Njia ya Kirewa

Siwezi kuwaeleza njia ile ina nini, maana nilikuwa nimegeuka nyuma. Niliona lori tu. Alitufuata karibu, jamani, karibu mno! Vumbi letu lilikuwa linamwingia, na bado anakuja. Kila shimo tulilopiga nilifikiria ile skrubu. Kila Idi alipopunguza mwendo nilishika kiti cha mbele na kusoma shahada. Mzee Salimu, shujaa wa Bama, alikuwa amefumba macho.

Mbele yetu mchungaji mmoja alikuwa akipeleka ng'ombe Nabuyoga. Walikuwa kando, wametulia. Kisha ndama mmoja akaona afadhali nyasi za ng'ambo, akaruka katikati ya barabara, na mama yake akamfuata.

Idi akakanyaga mpaka mwisho.

Niliona lori linakuja. Niliuona uso wa Mzee Rajabu kupitia kioo, mdomo wazi, mikono imeng'ang'ania usukani. Niliita jina la mama yangu. Matairi yakalia, vumbi likatufunika, na mimi nikangoja kugongwa. Sikugongwa. Vumbi lilipotulia lori lilikuwa limesimama nyuma yetu, pua yake mbali na mkia wetu kiasi cha mtu kulala na kunyoosha miguu.

Mzee Rajabu akashuka. Alitembea polepole kama mgonjwa. Akafika nyuma ya gari letu, akaweka kiganja juu ya taa ile ndogo.

"Kanyaga," akasema.

Ikawaka chini ya mkono wake, wekundu ukatoka kati ya vidole.

"Achia. Kanyaga." Idi akakanyaga. "Achia. Kanyaga."

Sijui alisema mara ngapi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kupita, mchungaji ameondoka, na mzee yule bado amesimama barabarani na mkono juu ya taa. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Hamisi wangu hakuonyeshwa hii," akasema. "Hii tu." Nami nikalia, jamani, nisiwafiche, nililia kwa sauti, na Mzee Salimu akalia kuliko mimi.

Kisha Mzee Rajabu akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akageuka. "Abasi, shika lori."

Abasi hakuelewa. "Baba?"

"Shika lori nimesema. Fuata nyuma, tazama taa."

Akaja upande wa abiria wa mbele, akafungua mlango, akangoja. Mzee Salimu akatoka mbio akajisukuma nyuma kwangu, akanikalia kanga. Mzee Rajabu akaingia, akakaa karibu na Idi, akaufunga mlango taratibu. Nilimwona Abasi kule nyuma amesimama na mkono mdomoni, anamtazama baba yake ndani ya gari la mtu mwingine.

Idi akaondoa gari. Alikuwa anamtazama mzee kwa pembe ya jicho kuliko alivyoitazama barabara. Tukafika njia panda karibu na ghala la pamba. Akabonyeza kidude, na kijikono cha kulia kikainuka, kizuri, kimenyooka, hakina kasoro.

Mzee Rajabu akakitazama. Akamtazama Idi.

"Mwanangu," akasema, na jibu lenu ndilo hilo, "Kirewa iko kushoto."